Hatuna Pingamizi

Mwaka wa 2006 shosho yangu kule Kitui alikuwa anapokea pesa ndani ya pakiti ya sukari. Mama aliifungua upande wa chini, polepole, akaingiza noti za mia tano zilizokunjwa mara nne, akaibandika tena kwa gundi, kisha tukaipeleka Machakos Kantri Basi pamoja na majani chai na sabuni ili ionekane ni mzigo wa kawaida. Kondakta hakuambiwa kuna nini ndani. Nadhani alijua. Nilikuwa na miaka saba na kazi yangu ilikuwa kukariri namba ya basi, kwa sababu pakiti ikipotea hiyo namba ndiyo ilikuwa risiti yetu.

Miaka miwili baadaye sukari ilikuwa sukari tu. Mama alisimama kwenye kibanda cha kijani hapo Kayole, akampa dada wa kibanda pesa, akaandika jina na namba ya kitambulisho kwenye kitabu, na kabla hatujafika nyumbani shosho alikuwa ameshatuma neno kwa simu ya jirani kwamba zimefika. Hadithi kama hii kila mtu wa rika langu anayo, kwa hivyo sitaivuta. Ninachotaka kuzungumzia ni barua iliyokuwa nyuma ya kibanda.

Ukikaa na wasee wa teknolojia pale Kilimani, kwenye zile kahawa za shilingi 400, utasikia maelezo yaleyale ya jinsi M-Pesa ilivyofaulu: serikali ilikuwa imelala. Ilipoamka, watu wazima wote nchini walikuwa wanatuma pesa kwa simu na hakuna aliyethubutu kuzima. Kutoka hapo wanaruka moja kwa moja hadi kwa hitimisho: basi serikali ilale tena, kwa sarafu za kidijitali, kwa akili bandia, kwa chochote kinachokuja. Naelewa wanakotoka. Mimi pia Juni 2024 nilikuwa tao na kitambaa chenye maji usoni, na imani yangu kwa ofisi yoyote yenye bendera mlangoni ni ndogo sana. Lakini hiyo hadithi ya usingizi si kweli. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa macho 2007, na ndiyo maana pesa za mama zilifika. Usingizi ulikuja baadaye, na bei yake naijua kwa sababu nyumbani kwetu tuliilipa.

Ili uone ajabu ya ile barua, lazima kwanza uone jinsi ofisi hizi zilivyokuwa zinajibu kitu kipya. Rudi hadi mwisho wa mwaka 2000.

Wakati huo ukiwa kwenye saiba mjini Nairobi, ukimwandikia barua pepe mtu aliye saiba ya ng'ambo ya barabara, na kampuni yake ya intaneti si kampuni yako, ujumbe huo haukuvuka barabara. Ulipanda hadi kwenye setilaiti, ukashuka Ulaya au Marekani, ukapanda tena, ukashuka Nairobi. Safari yote ililipiwa kwa dola. Pakiti moja ya data ilichukua zaidi ya sekunde moja kwenda na kurudi, wakati mwingine karibu sekunde mbili, yaani Mkenya alikuwa anamsalimia jirani yake kupitia ng'ambo na bado analipa nauli ya wote wawili.

Kampuni za intaneti, kupitia chama chao TESPOK, zikafanya kitu rahisi mpaka kinachekesha. Zilitafuta chumba kimoja, zikaleta nyaya zao hapo, zikaziunganisha. Ujumbe wa Nairobi kwenda Nairobi ukabaki Nairobi. Mahali hapo pakaitwa KIXP. Pakafunguliwa Novemba 2000, na ule muda wa kusubiri ukashuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Telkom Kenya ikalalamika mara moja. Ilikuwa imepewa ukiritimba wa kubeba mawasiliano ya kimataifa, na ikasema chumba hicho kinauvunja. Malalamiko yalipelekwa kwa Tume ya Mawasiliano, CCK. Hapa inafaa ujue kwamba Telkom, CCK na Posta walikuwa wametoka tumbo moja: shirika la zamani la KPTC lilikuwa limegawanywa 1999 kuzaa wote watatu. Kwa hivyo mwamuzi na mlalamishi walikuwa ndugu, tena ndugu waliokuwa wametengana juzi tu. Hata wiki mbili hazikuisha kabla CCK haijatangaza kwamba KIXP ni kituo haramu kisicho na leseni. Ikaagiza kifungwe. Kikafungwa.

Tazama hoja yenyewe vile ilivyokuwa nyepesi. Chumba kile hakikubeba hata ujumbe mmoja wa kimataifa. Kazi yake yote ilikuwa kuzuia ujumbe wa nyumbani kwenda nje bila sababu. Wenye kampuni walieleza hivyo, wakaeleza pia kwamba wao ni kikundi kilichojifungia kubadilishana mizigo yao wenyewe, jambo ambalo sheria iliruhusu. Ilichukua karibu mwaka mzima wa shinikizo la umma, vitisho vya kwenda kortini na mazungumzo ya pembeni. Novemba 2001 CCK ikatoa leseni, na Februari 2002 KIXP ikafunguliwa tena na kampuni tano. Ni ofisi ileile, chini ya sheria ileile, na nyaya zilezile. Kitu kilichobadilika ni swali. Mara ya kwanza tume iliuliza nani alikuwa hapa kwanza na kama analalamika. Mara ya pili ikalazimika kuuliza kitu hiki kinafanya nini hasa na kinamuumiza nani.

Sasa tuingie kwenye pesa.

M-Pesa haikuanza kama M-Pesa tunayoijua. Nick Hughes wa Vodafone alitaka njia ya watu wenye mikopo midogo kulipa kwa simu. Mfuko wa serikali ya Uingereza ulitoa karibu pauni milioni 1, Vodafone ikaweka sehemu yake, na Susie Lonie akatumwa Kenya kuijenga na Safaricom. Oktoba 2005 wakaanza majaribio Nairobi na Thika na wateja wasiofika 500, wengi wao wakopaji wa Faulu. Ilikuwa walipe mikopo. Wateja wakafanya mambo yao. Waliotoka Nairobi kwenda Thika walikuwa wanaweka pesa kwenye simu wakianza safari na kuzitoa wakifika, kuepuka wezi njiani. Wenye maduka waliweka mauzo ya siku kwenye simu kwa sababu benki ilikuwa imeshafunga. Watu walilipana wao kwa wao kwa biashara ambazo hazikuhusu Faulu hata kidogo. Kwa ufupi, walikuwa wanatafuta pakiti ya sukari isiyopotea. Safaricom wakaona, wakaacha habari ya mikopo, wakajenga kitu kimoja: kutuma pesa nyumbani.

Hapo ndipo shida ya kisheria ilipozaliwa. Kampuni ya simu inachukua pesa za umma, inazihifadhi, inazirudisha. Kwa macho ya mtu wa kawaida hiyo ni benki. Na kuendesha benki bila leseni ni kosa la jinai.

Benki Kuu ingeweza kusema hapana na kwenda lanchi. Mabenki yangeifurahia. Pia ingeweza kunyamaza, isubiri kuona, ikanushe baadaye ikiharibika. Mwaka huo ofisi yenyewe ilikuwa na matatizo yake. Gavana Andrew Mullei alikuwa amesimamishwa kazi Machi 2006, na Jacinta Mwatela alikuwa anakaimu. Ungetarajia ofisi yenye kaimu ifanye kile ofisi zenye kaimu hufanya, ambacho ni kuweka faili kwenye droo.

Badala yake wanasheria wake wakafungua Sheria ya Benki na kusoma polepole. Biashara ya benki, kwa sheria hiyo, ni mambo mawili yakiungana: unapokea pesa za watu, halafu unazitumia, unazikopesha au kuziwekeza kwa hatari yako mwenyewe. Hatari inayofanya benki ihitaji kulindwa iko hapo kwenye kuungana. Pesa yako haipo. Iko kwa mtu mwingine aliyekopeshwa, na siku nyote mkija kuidai pamoja, benki inaanguka. Kenya ilikuwa imeona hayo vya kutosha miaka ya themanini na tisini. Kwa hivyo swali halikuwa "hii ni benki au si benki?" Swali likawa: pesa ya mama huyu, kati ya dakika anapoitoa Kayole na dakika inapofika Kitui, inalala wapi, na nani anaweza kuigusa?

Jibu likawa masharti. Kila shilingi iliyo kwenye simu lazima iwe na shilingi halisi katika akaunti ya benki, wakati huo Commercial Bank of Africa, inayoshikiliwa na wadhamini kwa niaba ya wateja. Safaricom haiwezi kuikopesha. Haiwezi kulipia mishahara nayo. Ikifilisika, wanaoidai hawawezi kuifikia, kwa sababu haikuwa mali yake. Ejenti kwenye kibanda anauza floti aliyoinunua kwa pesa zake mwenyewe, kwa hivyo akitoroka usiku anatoroka na zake, si zako. Ukatumwa uchunguzi wa wataalamu wa nje kuukagua mfumo. Mteja lazima aonyeshe kitambulisho, ndiyo kile kitabu cha dada wa kibanda. Na kiwango kikawekewa dari: shilingi 35,000 kwa kutuma mara moja, shilingi 50,000 kwenye akaunti yote. Hiyo dari naipenda kuliko masharti mengine, maana ni ungamo. Ni ofisi ya serikali inayosema hatujui hiki kitu kitaenda vipi, kwa hivyo tukikosea, tukosee kidogo kidogo.

Februari 2007 barua ikatoka. Haikuwa leseni, kwa sababu hakukuwa na sheria ya kuitolea leseni. Haikuwa hata ruhusa, ukiisoma kwa ukali. Ilikuwa barua ya kusema hatuna pingamizi. Machi 6, M-Pesa ikazinduliwa, mwezi uleule Njuguna Ndung'u alipoingia kama gavana na kuirithi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilipitishwa 2011, na kanuni zake zikaja 2014. Hesabu mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka minne mfumo uliobeba karo, mahari, mishahara ya mjengo na rambirambi za nchi nzima ulisimama juu ya barua.

Wasee wa Kilimani wakisikia "hakukuwa na sheria" wanasikia "hakukuwa na serikali". Mimi nasikia kinyume. Leseni ukishapewa ni yako, na kukunyang'anya ni kesi ya miaka. Barua ya kutokuwa na pingamizi ni kamba fupi zaidi: pingamizi linaweza kuja kesho. Safaricom ililazimika kuendelea kuripoti na kuendelea kuthibitisha kwamba shilingi za kwenye simu na shilingi za benki zinalingana. Uhuru ule ulikuwa na mtu anayeutazama kila siku.

Kabla mwaka haujaisha watumiaji walikuwa wamepita milioni 1. Januari 2008, barabara zikiwa zimefungwa baada ya uchaguzi, mabasi hayatembei na benki hazifunguki, kuna watu waliokula kwa sababu mtu aliwatumia mia tatu kwa simu. Wala pakiti ya sukari isingefika Kitui wiki hizo.

Mabenki yalikuwa yameanza kutazama kwa jicho lingine. Desemba 2008, kaimu Waziri wa Fedha John Michuki akatangaza kwamba M-Pesa ikaguliwe. Sasa hapa ndipo barua ingegeuka karatasi. Kama Benki Kuu ingekuwa imenyamaza tangu mwanzo, isingekuwa na cha kuonyesha: hakuna masharti, hakuna kumbukumbu, hakuna akaunti ya wadhamini ya kufunguliwa na kuhesabiwa. Waziri angezima na nusu ya nchi ingekubali kwamba alifanya vizuri. Lakini vitabu vilikuwepo, ukaguzi ukafanywa, na Januari 2009 serikali ikatangaza kwa magazeti kwamba huduma ni salama. Yale masharti ambayo kampuni yoyote ingeyalalamikia 2006 ndiyo yaliyoiokoa 2008.

Sisemi barua ilikuwa kamilifu. Ilitazama pesa vizuri sana na kutazama ushindani kidogo mno. Kwa miaka ejenti wa Safaricom alizuiwa kuhudumia mtandao mwingine, na mpaka Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia 2014 kufungua hilo, wapinzani walikuwa wameshachoka. Kutumiana pesa mtandao hadi mtandao kwa urahisi tuliona 2018. Gharama ya kuchelewa huko tunailipa kila tukituma. Pia zile takwimu zinazoimbwa kwenye makongamano, kwamba M-Pesa ilitoa asilimia 2 ya familia za Kenya kwenye umaskini, zina wasomi wanaozipinga, na mabishano yao yanafaa kusomwa. Ninachoweza kusema bila kubishana na mtu ni kwamba mwaka 2006 karibu robo tu ya watu wazima nchini walitumia huduma rasmi za kifedha, na 2019 walikuwa zaidi ya asilimia 80.

Na kama unadhani hilo lingetokea tu kwa sababu simu zilikuwepo, angalia Nigeria. Simu walikuwa nazo nyingi kutuliko. Mwaka 2009 benki kuu yao ilitoa kanuni za pesa za simu, tena kanuni zilizoandikwa vizuri, zilizozuia kampuni za simu kuongoza huduma hiyo. Walibaki hivyo karibu miaka kumi. Mlango ulipofunguliwa, msafara ulikuwa umeshapita.

Sasa turudi kwa ile Sheria ya Benki na yale mambo mawili yanayoungana. M-Pesa iliponyoka kuitwa benki kwa sababu ilikuwa na nusu moja: inapokea pesa lakini haikopeshi. Lakini nusu ya pili pia ipo. Je, mtu anayekopesha bila kupokea amana za umma? Huyo pia si benki. Huyo pia hana sheria yake.

Mwaka 2012 M-Shwari ilikuja, mikopo kwenye simu, lakini nyuma yake kulikuwa na benki na nyuma ya benki kulikuwa na Benki Kuu. Kuanzia 2014 zikaanza apu zisizo na benki nyuma yake. Unapakua, unakubali kila kitu, programu inasoma jumbe zako za M-Pesa na orodha yako ya namba, na dakika tano baadaye una elfu moja. Kiteknolojia si mchezo, nakubali. Mtu ambaye benki ilikuwa haimjui hata jina sasa alikuwa na rekodi ya mikopo. Mwaka 2016 Bunge likaweka kikomo cha riba kwa mabenki, mabenki yakawakimbia wakopaji wadogo, na wakopaji wadogo wakakimbilia simu, ambako kikomo hakikufika. Apu zikawa kadhaa, kisha makumi, kisha mamia.

Benki Kuu ilipoulizwa ilisema, kwa usahihi wa kisheria kabisa, kwamba wakopeshaji hawa hawachukui amana kwa hivyo hawako chini yake. Hiyo ndiyo sentensi ninayoitafakari. Ni pengo lilelile la sheria. Mwaka 2007 ofisi ililikuta pengo ikaenda kusimama ndani yake na kuanza kuuliza maswali. Miaka kumi baadaye ilisimama ukingoni, ikaonyesha pengo kwa kidole, na kusema unaona, kuna pengo.

Mimi niliingia kwenye pengo hilo 2019, mwaka wangu wa pili chuoni. Nilikopa shilingi 3,000 kumalizia rent. Sitaitaja apu, na sitasema ilinifanya niache chuo, kwa sababu niliacha kwa mambo mengi na mengine ni ya uvivu wangu. Nilichelewa kulipa siku tisa. Siku ya nne kinyozi wangu alinipigia akicheka kwamba kuna mtu amemuuliza kama ananijua. Siku ya sita ilikuwa msichana niliyesoma naye sekondari. Siku ya saba walimpigia mwanamke niliyemhifadhi kwenye simu kama Mama Shiro Chama.

Mama Shiro alikuwa mwenyekiti wa chama cha mama yangu. Wanawake kumi na wanne, mchango wa kila Jumapili, na mama yangu alikuwa mweka hazina tangu nikiwa shule ya msingi. Ni yeye aliyekuwa anakaa na kile kitabu chenye jalada gumu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mtu wa apu alimwambia Mama Shiro kwamba kijana wa fulani ni mwizi, amekula pesa za kampuni na amezima simu, na kama wana pesa naye au na familia yake wachunge. Simu yangu haikuwa imezimwa. Nilikuwa nimeacha kushika namba nisizozijua.

Hakuna aliyemshtaki mama. Walikaa, wakanywa chai, wakamwambia amefanya kazi miaka mingi, apumzike. Alirudi nyumbani bila kitabu. Aliniuliza swali moja tu: "Hao watu namba ya Mama Shiro waliitoa wapi?" Nilimwambia niliwapa mimi. Nilibonyeza kukubali. Hakuelewa, na kadiri nilivyozidi kumweleza ndivyo nami nilivyozidi kutoelewa.

Swali lake lilikuwa la aina ileile iliyoulizwa 2006. Pesa inalala wapi, nani anaweza kuigusa. Namba zangu zinalala wapi, nani anaweza kuzigusa. Mtu mmoja ofisini angeuliza hivyo 2015, kwa barua ya kurasa mbili, akasema endeleeni, hatuna pingamizi, lakini orodha ya namba za mteja msiiguse na riba muiandike wazi kwa shilingi, na kiwango cha mkopo wa kwanza kisipite hapa. Apu nzuri zingebaki. Naamini hata zingeshukuru, kwa sababu zile mbovu ndizo zilizotuharibia sote jina la mkopo wa simu. Najua kuna wakili atasema Benki Kuu haikuwa na mamlaka kisheria ya kuandika barua hiyo kwa mtu asiyechukua amana. Huenda ni kweli. Hata 2007 mamlaka yalikuwa membamba. Walienda wakayatafuta kwenye jukumu lao juu ya mifumo ya malipo.

Mambo yalikuja, ila yalikuja kwa mwendo wa mkokoteni. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019. Aprili 2020 Benki Kuu iliwafungia wakopeshaji wasiosimamiwa kutuma majina ya watu kwa CRB, na ikaondoa madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa kuwaingiza rasmi, na Machi 2022 zikatoka kanuni, ambazo zinakataza wazi vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya namba. Walipewa miezi sita. Walioomba leseni walikuwa 288. Septemba 2022 waliopata walikuwa 10. Leo orodha imepita 100, kwa hivyo usiniambie masharti yaliua biashara. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi milioni 5 kwa mambo ya namna hii. Nilisoma habari hiyo kwenye matatu na nikajikuta natafuta namba ya Mama Shiro kwenye simu, sijui hata nilitaka kumwambia nini.

Agosti 2023 niliwapitia vijana wa rika langu kwenye foleni pale KICC, wakisubiri mashine ya Worldcoin iwapige picha ya jicho ili wapewe sarafu za thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo foleni ikiwa tayari imezunguka jengo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data ile ya macho ifutwe. Mtandaoni siku hizo watu walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema serikali inaua ubunifu, wengine kwamba imetuokoa. Mimi nilikuwa na hasira ya tatu: kwamba kulikuwa na miezi mingi kabla ya foleni, na katika miezi hiyo lile swali la mama yangu lingeweza kuulizwa kwa utulivu, mezani, na kalamu mkononi, badala ya polisi kuja kuliuliza barabarani.

Mkopo wangu niliulipa siku ya tisa, na riba. Chama cha mama sasa kina paybill na kitabu hakibebwi na mtu. Kila Jumapili yeye ndiye wa kwanza kutuma, kabla ya saa mbili asubuhi, kabla hata ya kanisa. Kila mwezi ananiletea simu nimtolee nafasi kwa sababu imejaa, na kila mara ananikumbusha nisifute jumbe za M-Pesa za chama. Ziko zote, kuanzia Jumapili ya kwanza.